Mabingobingo kusimama kukua mwezi Juni: baridi na jua vinafanya nini ndani ya jani

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa huku Makete, mkoani Njombe. Shamba langu liko bondeni. Kila mwaka ikifika Juni mabingobingo yangu, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, yanasimama kukua. Majani yanakuwa ya njano, mengine yanashika rangi ya zambarau pembeni, na hayarudi katika hali yake hadi Septemba. Si ukame, kwa sababu namwagilia kwa mfereji. Mwaka huu niliweka urea mifuko miwili, sikuona tofauti yoyote. Cha ajabu, ngano ya jirani iko kijani, na ukipanda juu hadi uwanda wa Kitulo kwenye baridi zaidi unakuta nyasi bado ziko hai. Mchana jua linawaka vizuri tu. Je, huu ni ugonjwa? Au udongo umechoka?

JIBU: Salama, mama, na pole kwa baridi. Pole pia kwa ile mifuko ya urea, maana najua hela yake ilitoka kwenye maziwa.

Jibu lenyewe nilitangulize. Huo si ugonjwa, na kwa ulivyoeleza sioni dalili kwamba udongo umechoka. Mabingobingo yako yanaumizwa na baridi na jua vikikutana kwenye jani lilelile, kwa saa chache za asubuhi, siku baada ya siku. Baridi peke yake ingeyachelewesha tu, na jua peke yake ndilo linaloyalisha. Vikija pamoja, jani linapokea nguvu nyingi kuliko linavyoweza kuitumia, na ile inayobaki bila kazi inaharibu mitambo ya jani. Ngano ya jirani na nyasi za Kitulo zinapitia asubuhi hiyohiyo, ila zina maumbile mengine na asili nyingine.

Tuiangalie asubuhi moja ya Juni shambani kwako. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo usiku inateremka kutoka vilimani taratibu kama maji na kutuama bondeni. Anga likiwa halina wingu, jani nalo linatoa joto lake kwenda juu hadi linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 juu ya sifuri, na huku nyasi chini zimefunikwa na jalidi, ile sakitu nyeupe inayolia chini ya viatu. Tuseme siku hiyo sakitu haikuanguka, jani limeamka likiwa na nyuzi 4. Jua linachomoza, na kufika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali. Ninyi mko kama nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, tena juu sana, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jua lenu la Juni halina unyonge wa jua la Ulaya wakati wa baridi. Lakini jani bado liko nyuzi 8 au 10, na mizizi imekaa kwenye udongo uliopoa usiku kucha. Mizizi ya nyasi za nchi za joto ikipoa hivyo huvuta maji kwa shida hata kama mfereji umepita jana. Ukiona majani yanajikunja saa tatu asubuhi na udongo umelowa, sababu ni hiyo.

Sasa tuingie ndani ya jani. Usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, una kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni kunasa mwanga, na hiyo haijali baridi: klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hunasa mwanga kwenye nyuzi 5 kama inavyonasa kwenye nyuzi 30. Ya pili ni kuitumia nguvu hiyo kugeuza hewa ya ukaa kuwa sukari, na hiyo ni kazi ya vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya jani. Vimeng'enya hutegemea joto. Kwa kadirio la kawaida, kasi ya kazi zake hupungua kwa nusu hivi kila joto linaposhuka nyuzi 10. Kwa hiyo kwenye nyuzi 8 mlango wa kuingizia uko wazi wote, na fundi wa ndani anafanya kazi kwa robo ya kasi ambayo angekuwa nayo kwenye nyuzi 28. Ni kama mashine ya kusaga ambayo umeme umekuwa hafifu, na watu wanaendelea kushusha magunia mlangoni.

Nguvu hiyo ya mwanga haiwezi kukaa foleni. Isipopata kazi, sehemu yake huishia kwenye oksijeni iliyomo ndani ya jani na kuifanya iwe kali, na oksijeni ya namna hiyo hupausha na kuchoma kama dawa ya madoa inavyopausha kitenge. Kinachoumia kwanza ni protini moja iitwayo D1, iliyo katikati ya mtambo wa kunasia mwanga. Siku ya kawaida protini hii pia huharibika, na jani hutengeneza nyingine papo hapo bila wewe kujua. Ila kutengeneza nako ni kazi ya vimeng'enya. Kukiwa na baridi uharibifu unaenda kwa kasi ya jua na ukarabati unaenda kwa kasi ya baridi. Zikipita asubuhi kumi za namna hiyo mfululizo, jani limeshakuwa na deni ambalo mchana wa nyuzi 18 hauwezi kulilipa.

Jani halikai tu likipigwa. Lina rangi za jamii ya karoti ambazo kazi yake ni kuutoa mwanga wa ziada nje kama joto. Ile zambarau unayoiona pembeni ni anthosianini, rangi inayochuja sehemu ya mwanga kabla haujafika ndani. Hapo nikuonye kitu kimoja, kwa sababu wengi huteleza: zambarau hutokea pia mmea unapokosa fosforasi. Kuna njia ya kutofautisha. Kama ni fosforasi, utaiona hata Januari kwenye joto, na itaanzia majani ya chini yaliyozeeka. Kama inakuja Juni na kuondoka Septemba, na imekaa zaidi upande unaopigwa na jua, hiyo ni baridi. Vyote viwili vinaweza kukutana pia, maana mizizi iliyopoa huvuta fosforasi kidogo.

Kama una mahindi ya bondeni yaliyochelewa, yaangalie kwa karibu. Huenda ukakuta mistari mipana ya njano au nyeupe iliyokata jani kwa upana, si kwa urefu. Miwa nayo hufanya hivyo. Jani la nyasi hukua kutokea chini, pale linapofunikwa na majani mengine. Sehemu changa iliyokuwa inatoka siku ya baridi kali na jua kali hushindwa kutengeneza klorofili vizuri, na alama hiyo hubaki hapo jani linapoendelea kurefuka. Kila mstari ni usiku mmoja mbaya. Jani la mahindi lililokulia chini ya nyuzi 15 hivi huwa limepauka lote, na hata ukilipelekea joto baadaye, halifikii kamwe lile lililokulia kwenye joto.

Kwa nini basi ngano haipati shida hiyo? Hapa ndipo penye kiini cha swali lako.

Nyasi zote za dunia, kwa namna zinavyokamata hewa ya ukaa, zimegawanyika katika makundi mawili, C3 na C4. Ngano, shayiri, oti, rai na nyasi nyingi za Ulaya ni C3. Mabingobingo, mahindi, mtama, miwa, majani ya Guatemala na nyasi karibu zote za savana ni C4. Namba hizo zinahesabu kaboni zilizo kwenye kitu cha kwanza ambacho jani hutengeneza baada ya kukamata hewa ya ukaa. Njia ya C4 ilianza kueleweka kupitia miwa: Hugo Kortschak na wenzake waliiona Hawaii, na mwaka 1966 Hal Hatch na Roger Slack wakaieleza kwa ukamilifu zaidi huko Brisbane, Australia.

Mwenye C3 anatumia kimeng'enya kimoja kukamata hewa ya ukaa, kinaitwa rubisko. Rubisko ina udhaifu mmoja mkubwa: mara nyingine inakamata oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na kosa hilo huligharimu jani sukari lililokwisha kuitengeneza. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kosa linavyozidi. Pwani, kwenye nyuzi 30, ngano hupoteza robo hivi ya kazi yake kwa kosa hilo tu. Makete kwenye nyuzi 12 kosa hilo ni dogo sana, kwa hiyo ngano iko nyumbani kwake.

Mwenye C4 amelitatua tatizo hilo kwa kujenga pampu. Seli za nje zinakamata hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kisichokosea, kisha zinaisukuma ndani kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, ambako rubisko inaipata kwa wingi na oksijeni haipati nafasi. Chukua jani la mabingobingo, lielekeze juani uangalie: utaona mishipa imesogeleana sana, mstari kwa mstari. Umbo hilo ndilo la pampu yenyewe. Kwenye joto na jua kali hakuna nyasi ya C3 inayoweza kushindana nayo, ndiyo maana mabingobingo ya Tanga hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane.

Lakini pampu inakula nguvu. Kwa kila molekuli ya hewa ya ukaa, C3 inatumia vipande 3 vya nishati ile inayoitwa ATP, na C4 inatumia 5. Kwenye joto gharama hiyo inalipa. Kwenye baridi, ambako rubisko haikosei sana, unalipia mlinzi wa nyumba isiyo na wezi. Hilo hata hivyo si kubwa sana kwako, maana jua unalo tele. Mawili yanayofuata ndiyo yanayoyaumiza mabingobingo yako.

La kwanza ni kimeng'enya kiitwacho PPDK, kinachoizungusha pampu irudi mwanzo. Kimejengwa kwa vipande vinne vilivyoshikana. Kwenye mahindi, joto likishuka chini ya nyuzi 12 hivi, vipande hivyo huanza kuachana, na kikiachana hakifanyi kazi. Tazama basi saa zako za bondeni: kuanzia saa tatu usiku hadi saa nne asubuhi jani liko chini ya kiwango hicho. Nusu ya asubuhi, wakati jua limeshawaka, pampu bado haijaunganishwa.

La pili ni rubisko yenyewe. Jani la ngano limejaa rubisko. Karibu nusu ya protini yake inayoyeyuka ni hiyo. Likipoa, linaweza kutengeneza nyingine zaidi kufidia kasi iliyopungua, kama familia inayoita vibarua zaidi kazi ikienda polepole. Jani la C4 lina rubisko kidogo, kwa sababu kwenye joto pampu inaitosheleza, na hiyo kidogo imebanwa ndani ya zile seli za kuzunguka mishipa. Nafasi ya kuongeza ni finyu. Ndiyo maana urea yako haikuleta kitu. Naitrojeni ni malighafi ya protini, na mabingobingo yenye baridi hayakuwa na mahali pa kuiweka wala joto la kuifanyia kazi. Sehemu ya urea ile ilipeperuka hewani, nyingine ilishuka na maji ya mfereji.

Kuna jambo la usiku ambalo watu hulisahau kwa sababu usanisinuru ni kazi ya mchana. Mchana jani hujaza wanga ndani yake. Usiku huuvunja kuwa sukari na kuisafirisha kwenda kwenye machipukizi na mizizi. Mwaka 1970 watafiti wa Florida walionyesha kwa nyasi ya pangola, ndugu wa C4 anayelishwa ng'ombe nchi nyingi za joto, kwamba usiku wa nyuzi 10 unatosha kuzuia wanga huo usiondoke. Asubuhi jani linaamka ghala likiwa limejaa, na jani lenye ghala lililojaa hupunguza kutengeneza. Kwa hiyo hata mchana wako ukiwa mzuri, usiku umeshauharibu. Kama una mtoto wa sekondari anayejua kipimo cha iodini, mwambie akate kipande cha jani alfajiri ya Juni na kingine alfajiri ya Desemba. Achemshe, atoe kijani kwa spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto bila kuisogeza motoni, kisha adondoshe iodini. La Juni nategemea liwe jeusi zaidi kwenye mistari ya mishipa.

Nyasi za nchi za baridi zimelikwepa tatizo hili kwa njia ninayoipenda sana. Haziweki sukari yake ya ziada kama wanga peke yake. Ngano, rai na raigrasi ya Ulaya hutengeneza fruktani, aina ya sukari ndefu inayoyeyuka na kuhifadhiwa kwenye shina na kwenye ala za majani, na utengenezaji wake huongezeka baridi inapokuja. Ghala halijai haraka, na akiba hiyo husaidia seli zisikaushwe barafu inapoganda pembeni yake. Tena ngozi za seli zao zina mafuta yasiyoganda upesi. Unajua mafuta ya nazi na ya alizeti ukiyaacha jikoni usiku wa Juni: ya nazi yanakuwa jiwe, ya alizeti yanamiminika. Jani la mmea wa baridi likipewa wiki mbili tatu za kuzoea huongeza mafuta ya namna ya alizeti kwenye ngozi za seli, na mitambo iliyopachikwa humo inaendelea kuzunguka. Majani mapya yanayotoka wakati huo ni mafupi, mazito, yenye rubisko zaidi. Ngano ya Ulaya inayopandwa kabla ya majira ya baridi, ikishazoea hivyo, huishi hata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya jirani yako ni ya aina nyingine isiyo ngumu kiasi hicho, na mwambie ajihadhari jalidi lisiikute inatoa maua, maana jani litapona ila punje hazitajaa.

Ukipanda mlima unaliona jambo hili kwa macho. Kila mita 100 unazopanda, joto hushuka kwa nyuzi 0.6 hivi. Mwaka 1979 Larry Tieszen na wenzake walichapisha kazi yao ya Kenya, ambako walizihesabu nyasi kwa mwinuko: chini ya mita 2,000 maeneo ya wazi yalikuwa ya C4 karibu yote, juu ya mita 3,000 karibu yote yalikuwa ya C3, katikati zilichanganyika. Shamba lako na uwanda wa Kitulo, ulioko kwenye mita 2,600 hivi, viko ndani ya ukanda huo wa kuchanganyika. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyechunguza vilele vya Afrika Mashariki, aliieleza hali ya hewa ya huko kuwa ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Nyasi ya Ulaya hupata miezi ya kujiandaa. Ya mlimani kwetu inatakiwa iwe imejiandaa kila siku ikichwa jua. Zile za mafungu unazoziona juu hubaki na majani yao makavu yakiwa yamezunguka shina. Usidhani ni uchafu: katikati ya fungu kuna machipukizi yaliyofunikwa kama mtoto kwenye khanga. Juu ni kukavu, ndani ni hai. Na ukitaka kujua C3 inaweza kufika wapi, kuna nyasi ndogo ya Antaktika, Deschampsia antarctica, mmoja kati ya mimea miwili tu ya maua yenye asili ya bara lile. Inafanya usanisinuru wake vizuri zaidi kwenye nyuzi 13 hivi, na kwenye nyuzi sifuri bado inaendelea.

Usije ukasema basi C4 haiwezi baridi kabisa. Inaweza kwa kiasi, kutegemea imezaliwa wapi. Miscanthus × giganteus, nyasi ndefu ya asili ya Japani iliyopelekwa Denmark mwaka 1935, ni C4 kama mahindi, lakini ikikuzwa kwenye nyuzi 14 inaendelea na usanisinuru ambapo mahindi yanashindwa; inaongeza PPDK yake na kuitunza rubisko yake isipungue. Huku kwetu tunayo kikuyu, nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati, iliyopewa jina la Wakikuyu wa Kenya na leo inalisha ng'ombe Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ni C4, na jalidi huiunguza majani, ila mashina yake yanatambaa chini kwenye udongo na yanachipua tena. Kuna pia setaria ya Nandi, yenye jina la nyanda za Kenya, na ndugu yake Narok, iliyotokana na mbegu za milima ya Aberdare na kuchaguliwa Australia kwa sababu ilivumilia jalidi. Mabingobingo ni mzaliwa wa kando ya mito ya Afrika yenye joto. Hayajawahi kuhitaji ujuzi huo.

Sasa shamba lako. Mimi nisingeng'oa mabingobingo. Ningeyapandisha kutoka bondeni hadi kwenye mteremko, hata mita 20 au 30 juu ya mfereji, ili hewa baridi ipite isituame. Bondeni pale ningepanda oti. Ukipanda mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili mvua ikiwa bado ipo, utakata Juni hadi Julai, wakati ambao sasa hivi huna kitu. Kipande cha pili kipande Mei na ukinyweshe kwa mfereji, kikufikishe Agosti. Hiyo urea ya Juni iwekee oti: ni C3, ina pa kuitumia. Kwa kingo na njia za ng'ombe, kikuyu au setaria.

Mabingobingo yenyewe yavune sana Machi na Aprili, uyakatekate na kuyafanya saileji, yaani malisho ya kuchachusha bila hewa, shimoni au kwenye mifuko, na molasi kidogo. Mkato wa mwisho usifike usawa wa udongo; acha visiki vya urefu wa shibiri hivi, kwa sababu akiba ya kuchipua Septemba iko hapo. Na jalidi likishaunguza majani, usikimbilie kuyaondoa. Yaache yafunike machipukizi, kama yale mafungu ya Kitulo yanavyofanya. Ukisikia usiku utakuwa wa anga lisilo na wingu wala upepo, nywesha mchana wake: udongo uliolowa huhifadhi joto la jua na kulitoa usiku, na nyuzi moja au mbili pale chini ni kitu kikubwa. Mbolea uirudishie mabingobingo Septemba mwishoni, usiku ukishaacha kuuma.

Jambo moja la hatari, na hili nakusihi. Kama unalisha mtama au nyasi ya sudani, usiwape ng'ombe mabichi yaliyounguzwa na jalidi. Seli zikipasuka mimea hiyo hutoa sumu ya sianidi, na ng'ombe anaweza kufa ndani ya dakika chache. Ngoja angalau wiki nzima, na machipukizi mapya yanayotoka baada ya jalidi usiyaguse hadi yapite kimo cha paja. Mabingobingo hayana hatari ya kiwango hicho.

Ukiwa na nafasi, nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja kifunge kwenye mti mfupi, kimo cha majani, pale bondeni. Kingine kule juu kwenye mteremko. Vyote vikae wazi bila paa. Visome kabla jua halijachomoza, kuanzia wiki ya kwanza ya Mei, uandike kwenye daftari la maziwa. Kule ambako utakuta siku nyingi chini ya 10, panda oti.